Siku tatu mlimani na kisigino kibovu

Alhamisi, siku ya kuchukua namba

Asubuhi: 2.

Hizo namba za asubuhi nizieleze mapema, maana zitajirudia mpaka mwisho wa mbio hizi za siku tatu mlimani. Kila ninapoamka, kabla sijashika simu, naweka mguu wa kushoto sakafuni na kutembea hatua kumi hadi mlangoni. Halafu nayapa maumivu ya nyuma ya kisigino alama, kuanzia sifuri hadi kumi. Sifuri ni mguu wa mtoto mdogo. Kumi sijawahi kufika. Daftari langu lina miezi saba ya alama hizo, na ukilisoma kwa mfululizo linachosha kama kitabu cha mahudhurio.

Kinachouma ni ile kano inayounganisha kigimbi na mfupa wa kisigino, ambayo wengi wetu tunaiita mshipa tu. Ndiyo kano nene na imara kuliko zote mwilini, na mtu akikimbia hubeba mara sita hadi nane ya uzito wake, kila hatua. Yangu imevimba katikati, vidole vitatu juu ya kisigino. Ukiibinya unakuta kitu kama fundo kwenye kamba. Na nilijitakia mwenyewe. Nilihama kutoka viatu ambavyo soli ya nyuma imeizidi ya mbele kwa milimita 10, nikaingia kwenye vya milimita 4, na wiki hiyohiyo nikaongeza vilima. Moja kati ya hayo mawili kano ingenisamehe.

Mtaalamu wa fiziotherapia aliyenipokea, dada mpole ila habembelezi mtu, alianza na swali lililonishangaza: je, nimetumia siprofloksasini, ile antibiotiki, siku za karibuni? Kumbe dawa za kundi hilo zinajulikana kwa kudhoofisha kano hadi kukatika, na tangu 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani imelazimisha onyo hilo liwekwe kwenye maelezo ya dawa ndani ya kisanduku cheusi. Sikuwa nimetumia. Basi akanipa kazi ya ngazi. Simama kwenye ukingo wa kidato kwa vidole, panda kwa mguu usiouma, shuka polepole kwa ule unaouma mpaka kisigino kipite chini ya ukingo. Mara 15, seti tatu goti likiwa limenyooka na seti tatu likiwa limekunjwa, asubuhi na jioni. Mara 180 kwa siku, kwa wiki 12.

Zoezi hilo lina kisa chake. Inasimuliwa kwamba Håkan Alfredson, daktari wa upasuaji wa Sweden na mkimbiaji, alisumbuliwa na kano hiyohiyo akaomba apasuliwe, mkuu wake akakataa. Kwa hasira akaamua kuiharibu kabisa ili wasiwe na la kusema, akawa anaibebesha uzito kila siku. Badala ya kukatika, ikapona. Mwaka 1998 akachapisha matokeo ya wakimbiaji 15 waliofanya vivyo hivyo, na ngazi za dunia nzima hazijapumzika tangu hapo. Jioni nikiwa seti ya tano na kigimbi kinawaka moto, huwa namkumbuka huyo bwana.

Nilipomwambia yule mtaalamu kuhusu mbio hizi hakushtuka kama nilivyotarajia. Akauliza urefu. Nikamwambia: kilomita 24 siku ya kwanza, 31 ya pili, 21 ya tatu.

"Kilomita 76 si tatizo langu, dada. Tatizo langu ni siku tatu mfululizo."

Akanieleza kwamba baada ya mbio kano hubomoa nyuzi zake nyingi kuliko inazojenga kwa saa 24 hadi 36 hivi, ndipo ujenzi unaushinda ubomoaji. Ukirudi barabarani kesho yake unaingia nyumba ambayo mafundi bado wanavunja kuta. Ukirudi kesho kutwa yake pia, shauri yako. Hakunikataza lakini. Aliniwekea mpaka, na mpaka wenyewe haukutoka kichwani mwake: mwaka 2007 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba wagonjwa wa kano hii waliweza kuendelea na michezo wakati wa tiba bila kuharibu matokeo, mradi maumivu yasizidi tano kati ya kumi, si wakati wa mazoezi wala asubuhi inayofuata. Hiyo ya asubuhi aliirudia mara mbili. Kano hudanganya ikiwa ya moto, akasema. Ukweli huutoa kesho yake.

Kwa hiyo mkataba ni huu: asubuhi yoyote ikisoma sita, sianzi.

Leo nimepewa namba ya kifuani, nimekaguliwa vifaa (koti la mvua, filimbi, blanketi la kuhifadhi joto, taa ya kichwani, maji lita moja na nusu), na nimefungwa kifundoni kile kifaa kidogo cha kupimia muda. Wamenifunga mguu wa kushoto. Sikusema kitu.

Ukutani mwa hema wamebandika picha iliyotuleta wengi wetu hapa: mgongo wa mlima mwembamba kama wembe, kijia juu yake, na mamia ya mita chini yake ziwa la rangi ya buluu isiyoaminika. Nje ya hema kuna ukungu. Huoni hata maegesho.

Ijumaa, kilomita 24, mwinuko wa mita 1,150

Asubuhi: 2.

Filimbi imelia saa moja kamili. Kilomita mbili za kwanza ni barabara ya vumbi, na watu zaidi ya 200 waliokuwa wakitetemeka kwa baridi wametoka kama maji yaliyofunguliwa. Mimi nimebaki nyuma makusudi. Kano baridi haitaki papara. Dakika kumi za kwanza inauma, kisha inapata joto na maumivu yanazama, na hapo ndipo mtu hujiona amepona. Nimewahi kujiona nimepona mara nyingi sana.

Kisha tukaingia msituni na mlima ukaanza.

Watu wasiojua jeraha hili hudhani mteremko ndio adui. Kwa kano ya kisigino ni kinyume. Ukipanda, kisigino kinaning'inia nyuma, kifundo kinakunjwa hadi mwisho, na kigimbi kinatakiwa kukusukuma juu kutokea hapo. Kano inavutwa ikiwa tayari imenyooshwa. Ukishuka unatua kwa kisigino na misuli ya mapaja inashika breki, kano inapumua. Mpango wangu wa mbio zote tatu ni huo: kupanda kwa kutembea kama bibi, kushuka kwa kukimbia kama mwizi.

Kupanda kama bibi kuna ufundi wake. Natafuta mawe na mizizi ambayo kisigino kinaweza kukaa juu yake pamoja na wayo wote. Pasipo na jiwe, naugeuza mguu wa kushoto pembeni, ubavu ukielekea mlimani, ili kifundo kisikunjike sana. Fimbo mbili zinabeba kinachobaki. Ni mwendo wa kaa. Wamenipita watu wa kila umri, mmoja akiwa anaongea na simu.

Kwenye kilomita ya saba, mlima ulipokuwa mkali zaidi, amenipita mzee mmoja mwembamba, mvi tupu, goti la kulia limefungwa bandeji ya rangi ya udongo. Anapanda vizuri mno: hatua fupi, mikono imesukuma mapaja, pumzi haisikiki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Pole na mguu."

Hakusimama. Nikajisemea huyo ndiyo kwaheri.

Kilele cha leo ni mita 1,900 na kitu. Mandhari tuliyoahidiwa pale ni bonde lenye maporomoko mawili ya maji. Nimeyasikia vizuri sana. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba vitambaa vya rangi ya chungwa wanavyofunga kwenye matawi kuonyesha njia vilikuwa vinatokea kimoja kimoja, kama mtu anayekupa siri kwa awamu.

Mteremko nikauachia. Kilomita sita za kushuka kwa mzunguko, udongo laini, mikono imepanuka, macho hatua tano mbele. Nikaanza kuwapita wale wale walionipita, mmoja baada ya mwingine, na yule wa simu nikampita bila kumtazama. Karibu na chini nikamkuta mzee. Anashuka kinyumenyume. Kweli kabisa: amegeuka nyuma, ameshika mti, anateremsha mguu mmoja, anatafuta mti mwingine.

"Goti?" nikauliza.

"Goti. Kupanda halina neno. Kushuka linanitukana."

Nikamweleza langu. Akacheka mpaka akashika mti kwa mikono miwili. "Basi tukiunganishwa, anapatikana mkimbiaji mmoja mzima."

Kuanzia hapo hatukuachana kweli. Vilima vilivyobaki vilikuwa vidogo, alinipita kwenye kila kimoja na mimi nikampita kila tulipoteremka, na kila mara tunapishana kwa salamu ileile: "Binti Kisigino." "Mzee Goti." Nimemaliza kwa saa 5 na dakika 12, yeye dakika tatu nyuma yangu, kwa kuwa mwisho wa njia ulikuwa mteremko. Amelalamika kwamba hiyo si haki.

Jioni mguu ndani ya mto wa baridi, dakika kumi. Baridi haiponyi kano, najua, lakini inanyamazisha, na usiku huu ukimya ndio ninaoutaka. Ngazi sikufanya. Mzigo wa leo unatosha.

Jumamosi, kilomita 31, mwinuko wa mita 1,700

Asubuhi: 4.

Hatua ya kwanza nje ya hema ilikuwa kama kukanyaga kijiti kilichokauka. Ya kumi ilikuwa nne. Nimerudia hatua kumi nyingine kuhakikisha, maana mtu hujipunguzia. Nne.

Mvua ilinyesha usiku kucha. Hili nilikuwa sikulipangia. Tope kwa mtu mwenye kano mbovu ni kesi nyingine kabisa: unasukuma, mguu unateleza nyuma, kifundo kinakunjwa ghafla kabla kigimbi hakijajiandaa. Mvuto wa polepole kano inauvumilia. Mshtuko haiutaki.

Sitaandika kilomita 18 za kwanza. Zilikuwa tope, migongo ya watu, na tope. Mzee Goti alikuwa mbele yangu mlima mzima wa kwanza, nikamkuta kwenye mteremko, na safari hii tukapeana masharti: kwenye kupanda yeye anatangulia kutafuta pa kukanyaga na mimi nakanyaga alipokanyaga, kwenye kushuka mimi nasimama chini ya kila korongo na kumwekea fimbo yangu kama ukingo wa kushika. Tulipoteza muda, lakini hatukuanguka, na waliokuwa wakianguka walikuwa wengi.

Kilomita ya 19, kwenye ukingo wa kijito, nikakanyaga mzizi uliolowa. Mguu wa kushoto ukatoka nyuma, kisigino kikadondoka shimoni, na kitu kikavutwa kwa nguvu. Nikapiga kelele. Sita, labda saba. Nikaketi palepale kwenye maji.

Hofu ya kila mwenye jeraha hili ni moja: kukatika. Wanaokatikiwa husimulia jambo lilelile, kwamba walisikia mlio, au walidhani mtu amewapiga teke kwa nyuma wakageuka kumtafuta. Mimi sikusikia mlio. Lakini kijito kilikuwa kinapiga kelele kuliko mimi, sasa ningejuaje?

Kuna kipimo kinachofanyika bila chombo chochote. Mtu anapiga magoti juu ya kitu, miguu inaning'inia hewani, mwingine anabinya kigimbi. Kano ikiwa nzima, wayo unacheza wenyewe, vidole vinaelekea chini. Ikiwa imekatika, wayo unabaki kuning'inia kama soksi kwenye kamba. Nilikuwa nimekisoma mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu mwenye akili timamu, na huwezi kujifanyia vizuri mwenyewe.

"Mzee, naomba unibinye mguu."

Akanitazama. Nikamweleza haraka. Akajifuta mikono kwenye kaptula iliyokuwa chafu kuliko mikono, nikapiga magoti juu ya jiwe, uso wangu umeangalia gome la mti.

"Samahani, binti." Akabinya.

Kimya. Nilikuwa sioni nyuma na sikutaka kugeuka.

"Mzee?"

"Ngoja, nilibinya chini mno." Akabinya tena, juu zaidi, kwenye mnofu wenyewe. "Umecheza! Wayo umecheza!"

"Umecheza sana au kidogo?"

"Binti, umecheza. Lete na ule mwingine tulinganishe." Akabinya wa kulia, akabinya wa kushoto, akarudia kama mtu anayepima maembe. "Sawasawa. Mapacha."

Nikabaki kwenye lile jiwe nikicheka huku machozi yananitoka, na kijana mmoja aliyekuwa anapita akatuuliza kama tunahitaji msaada wa haraka. Mzee akamjibu kwamba daktari ameshafika.

Kilomita 12 zilizobaki nimezitembea karibu zote. Mteremko wa mwisho nilijaribu kukimbia kidogo kidogo na kano ikaruhusu. Saa 8 na dakika 31, na ukomo wa leo ulikuwa saa tisa tangu kuanza. Mandhari ya leo iliyotangazwa: msitu wa miti ya kale yenye ndevu za kuvu, na mapango. Miti niliiona, kwa kuwa nilikuwa naishika.

Usiku, kwenye hema la chakula, jirani yangu wa mezani alinisogezea ibuprofen mbili kwa ukarimu kabisa. Anakula mbili kila baada ya saa nne tangu jana. Nikakataa, akaniona najidai. Sijidai. Kwanza, dawa ingezima namba yangu ya asubuhi, na namba ndiyo dereva wangu hapa. Pili, figo. Kwenye utafiti uliochapishwa 2017, wakimbiaji 89 wa mbio za kilomita 80 walipewa ama ibuprofen ama kidonge kisicho na dawa. Walioonyesha dalili za figo kuumia walikuwa asilimia 52 ya waliokunywa ibuprofen na asilimia 34 ya waliokunywa kidonge kitupu. Ukitazama vizuri, hata ile 34 inatisha. Mwili uliopungukiwa maji tayari unaziminya figo. Nilimweleza jirani kwa upole, akasema babu yake alikunywa vidonge hivyo miaka 30. Nikamwachia babu yake.

Meza nzima ilikuwa na jeraha lake. Mmoja akamtaja Kilian Jornet, ambaye mwaka 2017 bega lilimtoka mapema kwenye mbio za Hardrock kule Colorado, akalirudisha, akaufunga mkono kifuani na bado akashinda maili 100. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Mimi nikawaza kwamba bega halikanyagi chini. Mzee Goti ndiye aliyesimulia ninachokipenda mimi: kwamba Western States, mbio mama za maili 100, zilikuwa mashindano ya farasi. Gordy Ainsleigh farasi wake alichechemea mwaka 1973 akatolewa. Mwaka 1974 akaja bila farasi, akakimbia njia yote kwa miguu yake chini ya saa 24.

"Kwa hiyo mchezo huu," mzee akasema, "ulianza na mguu mbovu. Wa mnyama, lakini."

Nimelala saa tatu. Simu naiweka mbali.

Jumapili, kilomita 21, mwinuko wa mita 1,200

Asubuhi: 5.

Nilitembea hatua kumi, nikarudi, nikakaa kitandani. Tano. Si sita. Nilijihoji kama wakili. Je, ile hatua ya tatu haikuwa sita? Ilikuwa. Lakini mkataba unasema hatua kumi kwa pamoja. Je, ungesema sita kama usingekuwa umelipia? Hapo sikujibu upesi.

Nikafanya ninachofanya nikiwa simwamini mtu anayejibu, nikachukua kalamu. Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland aitwaye William Naismith aliandika kanuni rahisi: hesabu saa moja kwa kila kilomita tano hivi za njia, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 21 ni saa 4 na dakika 12. Mita 1,200 ni saa 2. Jumla saa 6 na dakika 12. Mwisho wa leo ni saa 6 na nusu. Na kuna kituo cha kilomita ya 15 chenye ukomo wake: saa 4 na dakika 20. Mpaka pale mwinuko ni mita 700, yaani saa 3 jumlisha saa 1 na dakika 10. Saa 4 na dakika 10.

Kwa kutembea tu. Bila kukimbia hatua moja. Mzigo wa kano kwa mtu anayetembea ni mdogo sana kuliko wa anayekimbia. Dakika kumi za akiba kwenye kituo, dakika 18 mwishoni. Finyu, lakini zipo. Kanuni ya Naismith haihesabu tope wala miguu ya siku ya tatu, hilo nalijua. Nikafunga kano kwa tepu, nikaweka kipande cha soli cha kuinua kisigino ndani ya kiatu, nikaenda kwenye mstari.

Mzee alikuwa ananisubiri. Njia ya leo inapanda karibu yote, na inaishia juu. Ni siku yake. Nikamwambia aende.

"Nani atakubinya?"

"Nenda, mzee."

Akaenda. Ndani ya dakika 20 nilikuwa wa mwisho, nyuma yangu wale vijana wawili wafagiaji wanaofungua vitambaa na kuvitia kwenye gunia. Kuna aibu ya kutembea mbele ya watu wanaofuta njia nyuma yako. Walikuwa na adabu, wakabaki mbali, wakaongea mambo yao ya mpira. Mimi nikahesabu: kilomita tano kwa saa 1 na dakika 22. Kilomita kumi kwa saa 2 na dakika 47. Niko sawa na Naismith, kasoro dakika moja moja. Maumivu tatu. Mvua hakuna. Ukungu upo.

Kwenye kilomita ya 12 msitu uliisha na kijia kikatoka juu ya mgongo wa mlima. Nikajua ni pale pa kwenye picha kwa sababu ya mawe mawili yaliyosimama kama meno. Kushoto weupe, kulia weupe. Nikaendelea. Labda mita 200 mbele upepo ukageuka, nikahisi joto shingoni, na ule weupe wa kushoto ukafunguka.

Haikuwa taratibu kama pazia. Ukungu ulichanika katikati, na kwenye tundu lile likaonekana ziwa. Si lote. Kipande tu, cheusi kwanza, halafu jua likapita juu yake kikawa ile buluu ambayo nilikuwa nimeapa kwamba mpiga picha aliiongeza. Ukuta wa mwamba ukashuka moja kwa moja kutoka nilipokuwa nimesimama. Ndege mkubwa alikuwa anazunguka chini yangu, naona mgongo wake. Kisha tundu likapanuka, ng'ambo likatokea lile bonde la Ijumaa, na ndani yake nyuzi mbili nyeupe: maporomoko yangu niliyoyasikia. Yako mbali kiasi kwamba hayatoi sauti.

Nikaketi. Wafagiaji nao wakaketi, wameweka gunia kati yao. Hakuna aliyesema kitu kwa muda, halafu mmoja akasema, "Siku tatu, dada," nikamwambia, "Siku tatu."

Saa yangu inaonyesha nilikaa dakika 11. Nilikuwa najua zinakwenda. Niliitazama saa mara mbili, na mara zote mbili nikaona nilichokitarajia. Ukungu ukarudi kutokea chini, ukala ziwa kwanza.

Kituo cha kilomita ya 15 nilikifikia saa 4 na dakika 24.

Mama aliyekuwa pale alikuwa na saa ya mkononi kwenye kila mkono na mkasi kwenye kamba shingoni. Alinitazama usoni, akatazama mguu, akasema pole kwa namna ya mtu aliyeisema mara nyingi leo. Dakika nne. Sikubishana. Nilipandisha mguu wa kushoto juu ya kreti, akakata kamba ya kile kifaa. Gari la waandalizi lilikuwa limejaa watu waliojifunga mablanketi ya kung'aa, tukapelekwa kwa barabara ya nyuma hadi mwisho wa mbio. Mita 500 za mwisho za kupanda nilizipanda nikiwa nimeegemea dirisha.

Mzee Goti alikuwa amemaliza kwa saa 5 na dakika 3. Alikuwa ameketi chini, medali shingoni, barafu juu ya goti. Akaniuliza kilichotokea nikamwambia ukungu ulifunguka.

"Ulifunguka? Wapi?"

"Kwenye mgongo wa mlima."

Akatulia kidogo. "Mimi nilipita pale ukungu tupu," akasema. "Niambie lilivyo."

Nikamwambia, kuanzia kile kipande cheusi.

Jumatatu, nyumbani

Nimeamka saa mbili. Simu ilikuwa na ujumbe wa sauti wa mzee, nikauacha kwanza. Mguu chini, hatua kumi, mlango.

Kisha nikasikiliza. Goti limevimba kama ngoma, anasema, ameambiwa wiki tatu bila kilima, na mkewe amezificha fimbo. "Kisigino je?"

Nikamwandikia: 3.

Akajibu baada ya dakika moja. "Rudia kupima."

Nikarudia.